Mrija wa Sifuri

Kwenye orodha haikuwa na jina, ila namba,
na mbele ya namba neno moja: mfu.
"Haina ile asidi amino," alisema Daktari Mundhir,
akigonga kioo kwa kifuniko cha kalamu.
"Pale, unaona? Pengo.
Sura ya ukoo imebaki, kazi imekwenda.
Itie kwenye mrija wa sifuri,
ule wa kulinganishia,
usiotarajiwa kusema kitu."

Nje, Al-Khoudh ilikuwa nyuzi arobaini na sita.
Wadi mkavu, mbuzi wawili
wakigombea kivuli cha gari la mtu.
Ndani tulivaa masweta.
Nilihesabu matone ya pipeti kwa Kiswahili, kimoyomoyo,
kwa sababu kwa Kiarabu hupotea nikifika saba,
na kwa Kiingereza
huhesabu kama mtu anayesikilizwa.

Usiku wa kwanza sifuri ikatoa alama.
Uchafu, nikasema. Wangu.
Usiku wa pili nikabadili maji, chumvi, glavu.
Usiku wa tatu nikamsingizia Ruqayya,
aliyekula sambusa karibu na mizani.
(Mungu anisamehe; alikula barazani.)
Wiki mbili zikanipita nikiitengeneza upya
tangu bakteria wa mwanzo,
nikaichuja, nikaichuja tena,
nikaweka sifuri yangu safi kuliko nia yangu.

Alama ileile.
Si kubwa.
Kama mtu anayekohoa chumba cha pili
ili ujue hayuko peke yake mwizi.

Mashine ikapima. Protini ya jirani
ilikuwa imeongezeka uzito.
Themanini ningeielewa:
hiyo ni fosfati moja, zawadi ya ukoo mzima,
wote hutoa hiyo, harusini na msibani.
Lakini hii ilikuwa mia tatu ishirini na tisa.
Nani huyu anayetoa asichokuwa nacho?

Nikarudi Seeb na namba hiyo mdomoni.

Mama alikuwa mbele ya stoo, anataka mchele.
Kitasa kile fundi alikipachika kichwa chini
mwaka tuliohamia,
na kila mgeni aliyekijaribu amesema kibovu.
Ami Khalfan amekisema kibovu mara tatu,
siku ileile aliyotuambia mezani
kwamba lugha ya Unguja hapa haina kazi,
tuwaachie wazee waizike nayo.
Mama hakujibu. Alimwongeza mchuzi.
Sasa aliushika ufunguo meno juu,
akazungusha kushoto,
mlango ukafunguka bila hata mlio.
"Mbona umesimama kama mgeni?
Shika gunia."

Meno juu.

Wenzake huikamata molekuli ya nishati kwa kichwa,
wakamega ncha ya mkia, fosfati moja, basi.
Yeye ameikamata kinyume.
Mkia umezama ndani,
kichwa kimeelekea nje,
na kichwa ndicho anachomkabidhi jirani,
kizima, na uzito wake wote.
Lile pengo tuliloliita kifo
lilikuwa nafasi ya kugeuzia mkono.
Tulikuwa tumemuuliza swali la ndugu zake,
miaka yote,
na ukimya wake tukauandika kuwa jibu.

Daktari Mundhir alitazama mchoro
mpaka karaki yake ikafanya utando.
Hakusema nimekosea.
Hakusema amekosea.
Alisema, "Rudia."
Nikarudia mara sita.
Mara ya tano umeme ulikatika, siihesabu.

Mrija wenyewe uko kwenye jokofu,
nyuzi themanini chini ya sifuri,
na lebo imegandia plastiki, haibanduki.
Nilijaribu kwa ukucha, ukucha ukauma.
Nikaliacha lile neno lilivyo,
mwandiko mzuri, wa mtu aliyekuwa na hakika.

Chini yake nimeongeza 329, na tarehe,
na kwa herufi ndogo, kwa wino usiofutika,
kwa lugha ya stoo:
meno juu.